Iko Zima

Neno lililomuua Macharia lilikuwa na herufi nne tu, na sasa kaka yake mkubwa, Mzee Kuria, alitaka mtu afungwe kwa ajili yake.

Siku ya tano baada ya mazishi alifika nyumbani kwa marehemu, mtaa wa West Indies hapo Eldoret, akakataa chai. Alitaka Kituyi, aliyekuwa akifanya kazi na Macharia, aketi mbele yake na mbele ya mjane, Waiyego, aeleze tena yaliyotokea. Akidanganya, ni polisi moja kwa moja. Waiyego alikunja mikono. Akaificha chini ya leso.

"Mimi nilikuwa juu ya mabati, kwa swichi," Kituyi alianza, akiyatafuta maneno kama mtu aliyepoteza funguo. "Marehemu yeye iko chini, kwa boksi."

Boksi hilo ndilo lililokuwa kazi yao. Hupokea volti arobaini kutoka kwa paneli za sola na kuzipandisha hadi mia nne, ili pampu ya shamba ivute maji. Ukilifungua na kutia mkono kabla swichi haijazimwa, huna habari ya kesho. Walikuwa wakilifunga katika shamba moja kule Moi's Bridge.

"Akakuuliza nini?"

"Aliuliza, 'Iko zima?' Mimi nikajibu, 'Iko zima!' Kwetu, kitu iko zima ni kitu haijaharibika, inafanya kazi. Nilifikiri anauliza kama mashine iko sawa, Mzee. Haki ya Mungu."

"Alikuuliza kama umezima!" Kuria alifoka.

Wafanyakazi wa shamba walisikia maneno yaleyale, kwa hiyo hapo hapakuwa na ubishi. Na Macharia, jamani, alikuwa na kipima umeme mfukoni! Lakini hakuwa mtu wa kupima. Alikuwa mtu wa kuuliza. Miaka kumi na miwili Waiyego alimgombeza kwa tabia hiyo, na miaka kumi na miwili mumewe alimcheka.

Kuria akamgeukia mjane. "Mama Muthoni, wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Niambie ukweli. Huyu kijana ananicheza?"

Jibu la Waiyego ndilo lingempeleka Kituyi jela maisha, ama kumrudisha kwake mtaani Langas.

"Hakuchezi, Mzee," alisema, na machozi yakamtoka. "Zima ni kuondoa moto. Zima pia ni kitu kisicho na kasoro. Baba Muthoni hakuwahi kusema 'imezimwa' maishani mwake. Kwake ilikuwa 'iko zima' tu, na mimi nilishindwa kumrekebisha. Mmoja aliuliza hili, mwingine akajibu lile. Tusimfunge mtu kwa sababu ya Kiswahili chetu kibovu."

Mzee Kuria akavua kofia, akalia bila haya. Akamshika Kituyi bega na kumwambia amemsamehe, kisha akaomba ile chai. Alipokuwa akiondoka alimbariki shemeji yake na kusema kwamba moyo kama wake hajauona Eldoret nzima.

Baadaye Waiyego alimsindikiza Kituyi hadi langoni. Kule kubabaika kulikuwa kumemwisha.

"Mwalimu," alisema, Kiswahili chake kimenyooka, "mashine husemwa 'ni nzima', si 'iko zima'. Niliona aibu kulipaza kosa lile mbele ya watu."

"Ungesema 'ni nzima' asingegusa," Waiyego alijibu, akimnyoosha kola. "Ndiyo maana nilikufundisha kosa."