Mshubiri wa Fuko

Zamani, nchi ilipokuwa bado inasinzia, Fuko alipewa chipukizi la mshubiri na jirani yake Pimbi, aishiye mwambani. Akalipanda kando ya kijito, akalitilia samadi, na kila jioni akalimwagilia maji huku akiliimbia. Majani yakanenepa kama mapaja ya ndama. Mshubiri wa Pimbi ulibaki juu ya mawe, mwekundu, umekonda, ukiota jua.

Siku moja mtoto wa Fuko alishikwa na homa. Pimbi akashuka na jani lake jembamba.

"Hilo lenye njaa?" Fuko akacheka. "Jirani, mwanangu atakunywa nilichokilea mwenyewe."

Akakamua jani lake nene, utomvu ukatiririka kama maji. Mtoto akanywa, akatabasamu.

"Sio chungu, baba."

Fuko akashangilia. Pimbi akainamisha kichwa.

"Hapo ndipo ninapoogopa."

Homa ikazidi, hata tabasamu likapotea. Fuko mwenyewe akaliomba jani la mwambani. Mtoto alipomeza tone la kwanza alikunja uso, akapiga kelele, akalia kwa hasira. Kulipokucha, homa ilikuwa imeshuka.

Fuko akaung'oa mshubiri wake, akaupandisha mwambani, akaupanda kati ya mawe. Kisha akashuka bila kugeuka nyuma. Alijua akigeuka tu, atarudi na maji.