Stokingi Nzito

Mkaguzi wa mizani aliivuta stokingi ya mkewe juu ya pakiti ya sabuni, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha la bafu, akajaribu kusoma maandishi. Hayakusomeka. Ilikuwa nailoni nzito, rangi ya kahawa, ya kufika kiunoni, na bado mpya. Akairudisha kwenye kamba kama alivyoikuta.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na sanduku la mawe ya kupimia, kuhakikisha kilo ni kilo. Alikwisha jifunza kwamba watu husema uongo na mizani haisemi, mradi anayeisoma anajua kusoma. Nyumbani alifuata kanuni hiyo hiyo.

Mkewe alikuwa mpokea wageni katika kliniki ya macho. Sketi ya sare yao iliishia magotini, na tangu waoane alikuwa akienda kazini miguu wazi, imepakwa mafuta, kama wenzake wote. Mwaka huu zikaanza stokingi. Hakuzivaa kila siku. Alizivaa siku kadhaa mfululizo, hata joto likiwa kali namna gani, kisha miguu ikarudi kuwa wazi, kisha zikaanza tena. Alizivalia bafuni, mlango umefungwa kwa komeo.

Mkaguzi alikwenda kwa dada yake, aliyekuwa na duka la nguo za kike, akamuuliza kama wanawake bado wanavaa vitu hivi.

Dada alicheka mpaka akakaa. Alisema siku hizi hata maharusi hawazitaki. Miguu imepata uhuru wake na haioni sababu ya kurudi kifungoni. Katoni yake ya mwisho ingeliwa na panya kama si mteja mmoja.

"Nani?"

"Wifi yangu, nani mwingine? Nikimwonyesha nyepesi za kupendeza hataki, anachagua nzito kama blanketi. Nikamtania, wifi, hiyo miguu umeikatia bima? Akacheka tu. Mdogo wangu, mwanamke hajitesi hivyo bure. Kuna jicho linalomtazama."

Neno hilo alitoka nalo dukani kama mwiba kwenye kisigino.

Alianza kupanga ukweli mmoja mmoja, na haukuchukua muda kukaa sawa. Stokingi zilifuata ugomvi. Walikosana kwa sababu ya simu iliyolia bila kupokewa. Kesho yake, stokingi. Walikosana kwa sababu ya chakula kilichopoa. Kesho yake, stokingi. Baada ya kila ugomvi yeye humletea matunda na mambo huisha, hivyo ndivyo alivyojua. Kumbe kwake hayakuisha. Mwanamke aliyekosana na mumewe alikuwa na mahali pa kwenda kuliwazwa, na alikwenda amejipamba. Alirudia hesabu hiyo akitafuta kosa, hakuliona.

Jumapili walikosana tena, safari hii kwa sababu mkewe alichelewa kutoka sokoni. Jumatatu asubuhi akavaa stokingi.

Mkaguzi alichukua sanduku lake la mawe, akaenda kukagua bucha lililotazamana na kliniki. Kupitia vioo viwili alimwona mkewe vizuri, amesimama nyuma ya meza ya mapokezi ilhali kiti kilikuwa tupu. Wenzake wawili walipita, miguu wazi. Akaweka jiwe kwenye mizani, akaliondoa, akaliweka tena.

"Bwana mkaguzi," mwenye bucha alisema, "hiyo mizani umeipima mara ya pili sasa. Au unataka kuioa?"

Daktari wa macho alikuwa ametoka chumbani mwake, mrefu, kijana kuliko alivyodhani. Aliinama juu ya meza, akamwambia mkewe jambo kwa sauti ya chini. Mkewe akatikisa kichwa. Daktari akatazama miguu yake. Hakuitupia jicho na kulihamisha, kama mwanamume mwenye adabu anavyofanya. Aliitazama kwa utulivu, kama mtu mwenye haki nayo. Kisha akamvutia kiti.

Mkaguzi alikusanya mawe yake. Alitoka bila kugonga muhuri, na mwenye bucha hakumkumbusha.

Alipofika nyumbani aliteremsha sanduku la nguo la mkewe kutoka juu ya kabati, akaliweka katikati ya sebule, wazi. Akiridhika na jibu, angelirudisha. Asiporidhika, leo hii mke angelala kwa mama yake.

Mkewe aliporudi jioni aliliona sanduku, akabaki karibu na mlango.

"Unamvalia nani hizo stokingi?" mkaguzi aliuliza. Alijivunia kwamba sauti yake ilikuwa tulivu.

Mkewe alifunga mlango nyuma yake.

"Nimewaona leo. Alikuwa anakuuliza nini, yule daktari wako?"

Mkewe aliweka mkoba chini, akavua viatu. Akaingiza mikono chini ya sketi, akaanza kuishusha stokingi polepole, akisimama pale ilipogandia ngozi, kama mtu anayebandua plasta.

"Aliuliza nimeumia wapi," alisema. "Nikamwambia nimeanguka kwenye ngazi."

Nyumba yao haikuwa na ngazi.

Mistari ilitoka nyuma ya goti hadi karibu na kifundo, mingine imekwisha geuka njano, mingine ingali mibichi, yote ya upana mmoja. Mkaguzi hakuhitaji kuupima. Mkanda alikuwa ameuvaa.