Mlango wa Jikoni

Tangu nyumba za kale zipewe akili ya kujitunza zenyewe, jumba la Mzungu mwenye mashamba ya mkonge pale Kwemtindi lilichagua nani apite mlango gani, vilevile kama enzi za mwenyewe. Wataalamu wa malikale walilipenda kwa utaratibu huo. Waliuita uhalisia.

Tunu, mfagizi wake aliyepitia jikoni miaka yote, aliuita upuuzi. Kuta nene za mawe zinazonuka mavi ya popo, dari inapukutika, veranda pana kama uwanja wa ngoma, na bado lina maringo!

Asubuhi hiyo mkurugenzi mzima wa malikale, Bwana Shekiondo, suti imemkaa barabara, alipanda ngazi za mbele.

"Pitia jikoni," jumba likamwambia. "Bisha hodi, usubiri."

Akazunguka. Akabisha hodi, akasubiri mvuani mpaka alipoitwa, kisha akaingia akipangusa viatu, meno yote nje.

"Ajabu! Hakuna kilichopotea!"

"Labda haya yako ndiyo imepotea," Tunu alinong'ona, akasonya. Mtu mzima na elimu yake anaamrishwa na mawe, halafu anashukuru! Alimcheka njia nzima hadi nyumbani.

Mumewe, Mbaruku, alikuwa jikoni akikuna nazi.

"Hodi," Tunu alisema kwenye mlango wa jikoni.

Mbaruku akaangua kicheko. "Mke wangu, unabisha hodi kwako? Na mlango wa mbele uko wazi?"

Tunu akataka kumjibu kwa jeuri, akainua mguu aingie. Mguu ukakataa. Akabaki pale nje, kikapu mkononi, akisubiri aitwe.