Miche Hula Kwanza

Mjukuu wangu, umewahi kutwanga dagaa ambao huruhusiwi kuwaonja? Huku Mufindi udongo ulichoka baada ya miti ya misindano kukatwa, na sasa sheria ni moja: miche hula kwanza, watu baadaye. Kengele ya ukutani ikilia, sauti yake inataja kirutubisho ambacho miche inataka, nasi tunakipeleka kitaluni. Jana ilitaka fosforasi. Nikatwanga dagaa na mifupa ya kuku kando ya kitanda cha mume wangu, anayeumwa tangu kipupwe, huku goti langu likiniuma.

“Mama Tulizo, miche inaendeleaje?” akaniuliza.

“Imenenepa kukushinda, mzee wewe.”

Alicheka mpaka akakohoa. Nikajitwisha ndoo ya unga ule wa dagaa. Nilipofika mlangoni, akaniita kwa jina langu la kuzaliwa.

“Atuganile, usiende. Leo nataka kushiba.”