Dhana ya Kwanza

Siku hizi mpelelezi hakabidhiwi jalada mpaka mashine ya kituoni imfutie dhana yake ya kwanza, asije akamwonea mtu. Ndiyo maana hata kifo cha dada yake, Inspekta Zamoyoni aliachiwa akipeleleze mwenyewe.

Alifutiwa dhana asubuhi, adhuhuri akawa msibani. Wali ulipoletwa akaona kiganjani mwake maneno ya kalamu, mwandiko wake mwenyewe: "Ni mumewe." Kwa nini aliyaandika, hakukumbuka hata chembe. Na mafunzoni walishindiliwa kwamba hisia isiyo na ushahidi ni chuki tu.

Mume wa marehemu akamletea birika na beseni.

"Nawa, shemeji, chakula kinapoa."

Zamoyoni akasugua kiganja kwa aibu. Wino ukagoma kutoka. Shemeji akausoma, kisha akamwongezea sabuni.