Jibini la Tarehe Tisa Machi

"La tarehe tisa Machi, mwaka jana," Huguette alisema.

Wenzake wa matembezi walikuwa bado wanacheka. Ghislaine, mama aliyekuwa akiwaongoza tangu asubuhi, alikuwa amemwambia kila mmoja ataje tarehe anayoikumbuka katika miaka miwili iliyopita, naye atamwonjesha jibini lililopikwa siku hiyo. Fernand, mzee mstaafu wa posta, alitaka la siku alipoachana na mkewe mahakamani.

"Hilo litakuwa tamu kuliko yote, mzee wangu," Ghislaine alimjibu. "Ila kwa ulivyobugia mvinyo kule Arbois, sidhani kama ulimi bado uko kazini."

Sasa alimgeukia Huguette, akatabasamu. "Tarehe tisa! Umejuaje kuchagua, mama? Onja kwanza, halafu nitakwambia kitu."

Akaingia katikati ya rafu, akipapasa tarehe zilizobandikwa ubavuni mwa majibini makubwa kama magurudumu ya mkokoteni. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka. Miaka kumi na miwili ya kumsaidia bosi kupika na kunyanyua jibini katika kiwanda hiki kidogo ilimharibu, ndiyo maana siku hizi alitembeza wageni.

Huguette alisubiri. Hakumwambia mtu yeyote kwamba kiwanda ni cha mdogo wake, Régis. Alichagua Alhamisi makusudi, maana Alhamisi Régis hushinda sokoni Besançon.

Mwaka na nusu walikuwa hawajasemezana. Siku ile ya tarehe tisa, mama yao alipokuwa anakata roho, Huguette alimpigia simu saa moja asubuhi. "Anakuita, Régis. Njoo sasa hivi." Naye akajibu, "Maziwa yako kwenye sufuria, dada. Nikiyaacha yanaharibika yote. Nitafika jioni." Mama alilitaja jina lake mpaka saa sita mchana, kisha akanyamaza. Jioni Régis alifika uso umemwiva, mwekundu kote isipokuwa kuzunguka macho. Huguette alidhani ni mvuke wa sufuria, na kwamba macho ameyafuta sana njiani. Hata hivyo hakumpa mkono.

Tangu hapo Régis alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili Huguette aliiacha ilie. Alimchukia kwa moyo wote, na chuki hiyo ilikuwa imemchosha. Alitaka kuiona hiyo kazi aliyoithamini kuliko mama. Kama jibini hilo lipo, alijiambia, kama kweli siku ile ilizaa kitu, nitamsamehe.

"Hili hapa," Ghislaine alisema. Akaligonga kwa kinyundo, akatega sikio kusikia kama limeiva, akalichoma kwa chuma chembamba na kuchomoa kipande. Akammiminia na mvinyo wa manjano uliokaa miaka sita ndani ya pipa.

Huguette akatia kinywani. Lilikuwa na ladha ya njugu, ya majani makavu, kisha chumvi kidogo mwishoni. Machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta. Kumbe lilikuwepo. Mdogo wake alikuwa amesimama juu ya sufuria siku ile, mikono ndani ya maziwa, moyo kwa mama. Watu wa maziwa ndivyo walivyo. Hata baba yao alikuwa hivyo hivyo. Alijiona mkatili, mkatili kupita kiasi.

"Wacha we! Mama kalia kabisa," Fernand alisema. "Na mimi nataka hilo hilo."

Huguette alisogea kando, akatoa simu, akabonyeza jina la Régis. Ikaanza kuita.

Ghislaine alimfuata, uso umemchanua. "Si nilisema nitakwambia kitu? Hili nililipika mimi, mama, peke yangu, mara ya kwanza maishani. Bosi aliniachia sufuria alfajiri, akaenda zake milimani na rafiki zake kuteleza kwenye theluji, na ile miwani yao mikubwa ya kukinga macho na jua."

"Dada?" sauti ya Régis ikasema sikioni mwake, ikitetemeka kwa furaha. "Dada Huguette, ni wewe kweli?"