Bima ya Moyo wa Mama

Bi Tatu alikuwa akisukuma chapati, kama kila asubuhi, jirani yake Mama Hoza alipoingia jikoni na kumkumbatia.

"Pole na msiba, shoga. Mbona sikukuona mazikoni?"

"Mazikoni kwa nani?"

Mama Hoza alijishika mdomo. "Dada yako Mwanahamisi. Tulimzika juzi."

Bangili ya bima ikawaka nyekundu mkononi mwa Bi Tatu. Sheria ilikuwa hiyo: kijana wa chini ya miaka ishirini hapewi leseni wala bima ya gari mpaka moyo wa mama yake uwe dhamana. Moyo ukienda mbio, gari la mwana husimama. Tangu binti yake Zaina apate leseni, nyumbani redio ilizimwa, pilipili ikaachwa, na kila mtu akawa anambembeleza mama kama mgonjwa.

Mumewe, Shekue, alikuja mbio. "Mama Zaina, vuta pumzi. Mtoto yuko barabarani."

"Mlinificha maziko ya dada yangu?"

"Tungekwambia."

"Lini?"

Shekue alitazama chini. "Zaina akifikisha ishirini."

Zaina alikuwa na miaka kumi na minane. Simu ikaita, ni yeye.

"Mama, gari limesimama, malori yananipigia honi! Hebu tulia, mama, kama siku zote."

Siku zote Bi Tatu alijibu, "Nimetulia, mwanangu." Leo alikung'uta unga mikononi, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotarajia.

"Sijatulia, Zaina! Shuka, utembee kwa miguu. Mimi namlilia dada yangu."